Kukomaza Tangi Jipya la Samaki Kabla ya Kutia Samaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yamekusudiwa mtu aliye Kampala, Jinja, Mbarara au kwingineko nchini Uganda ambaye amenunua tangi la kioo la kuweka nyumbani, amelitia changarawe na kichujio, na sasa anataka kujua aanze lini kutia samaki. Vipimo vyote ni vya maji baridi, yaani maji yasiyo ya bahari. Miongozo mingi inayopatikana imeandikwa kwa ajili ya miji ambako maji ya bomba yana chokaa nyingi na umeme haukatiki, kwa hiyo nimekaa zaidi kwenye mambo mawili ambayo miongozo hiyo huyapita haraka.

Kukomaza tangi maana yake ni nini?

Ni kulea ndani ya kichujio, kabla samaki hawajaingia, jamii ya bakteria watakaoondoa sumu inayotokana na samaki wenyewe. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na chakula kisicholiwa kikioza hutoa amonia vilevile. Ziwani amonia hiyo husambaa katika maji mengi na kuliwa na viumbe wadogo wasiohesabika, lakini katika tangi la lita 60 haina pa kwenda. Kundi la kwanza la bakteria, wakiwamo wale waitwao Nitrosomonas, huunganisha amonia na oksijeni na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huistahimili mpaka utakapobadilisha maji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 mwanasayansi Sergei Winogradsky alikwisha kuonyesha kwamba hatua hizo mbili hufanywa na viumbe tofauti. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba wala-nitriti katika matangi ni Nitrobacter, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa hasa na Nitrospira, na mwaka 2015 ikagundulika kwamba baadhi ya Nitrospira wanaweza kuifanya kazi yote, kuanzia amonia hadi nitrati, bila msaada wa kundi jingine. Jambo la kushika kwa mfugaji ni kwamba bakteria hawa huongezeka polepole mno. Bakteria wa kawaida wa kuozesha wanaweza kuongezeka maradufu kwa chini ya saa moja, ilhali hawa huhitaji sehemu kubwa ya siku, na mara nyingi zaidi ya siku.

Maji yangu ni maangavu kabisa na hayanuki. Kwa nini nisitie samaki leo?

Kwa sababu amonia na nitriti hazionekani kwa macho, na kwa viwango vinavyodhuru samaki hazina harufu ambayo pua ya binadamu ingeitambua. Amonia huunguza matamvua. Nitriti huingia katika damu na kuizuia kubeba oksijeni, hata damu ikageuka rangi ya kahawia, na samaki hufa kwa kukosa pumzi katika maji yaliyojaa hewa. Samaki wengi wanaokufa katika wiki tatu za kwanza, wakisemwa kuwa walikuwa wagonjwa tangu dukani, wameuawa na mambo haya mawili.

Kazi hii huchukua muda gani?

Kwa kawaida wiki nne hadi sita ikiwa maji yana joto la nyuzi 25 hadi 28 za Selisiasi, na inaweza kufika wiki nane maji yakiwa baridi. Ukipata sifongo iliyokwisha kukomaa kutoka tangi la mtu mwingine, wiki moja au mbili zinaweza kutosha.

Bila samaki, bakteria watakula nini?

Utawapa amonia wewe mwenyewe, na hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote, kwa kuwa hakuna kiumbe anayeteswa na kipimo kinajulikana. Lenga miligramu 2 za amonia kwa kila lita ya maji. Ukipata kloridi ya amonia katika duka la kemikali za maabara, gramu 0.6 zinatosha kwa lita 100. Ukipata amonia ya maji ya kusafishia, itikise chupa kwanza: ikitoa povu linalodumu, ina sabuni, na haifai. Tia kidogo kidogo huku ukipima mpaka ufikie kiwango hicho. Usiiweke kamwe karibu na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kwa sababu zikichanganyika hutoa gesi ya sumu.

Kisha subiri. Amonia ikishuka karibu na sifuri, tia tena. Usizidishe ukidhani unaharakisha kazi: amonia inapopita miligramu 5 kwa lita huanza kuwazuia bakteria wale wale unaotaka wakue, hasa wale wa nitriti.

Nimeambiwa nitupie kipande cha mukene kioze. Inafaa?

Inafaa, na ni rahisi kupata kuliko kemikali. Mukene, ambao wengine tunawaita dagaa, wakioza hutoa amonia ya kutosha. Chagua waliokaushwa bila chumvi, waoshe mchanga, wafunge katika kitambaa chepesi ili uweze kuwatoa, na anza na wawili au watatu kwa lita 50. Kasoro yake ni kwamba huwezi kujua amonia itapanda hadi wapi, maji yatanuka, na utando mweupe utatanda juu ya changarawe. Anayefuata njia hii apime mara nyingi zaidi, na awatoe mukene kipimo kikipita miligramu 4.

Na mbolea ya urea?

Urea hugeuka amonia baada tu ya kuvunjwa na bakteria wengine, kwa hiyo kipimo cha leo hakikuambii kitakachokuwapo kesho kutwa. Mimi siitumii. Mbolea zenye fosfeti zisikaribie tangi kabisa, kwani zitakuletea mwani.

Ni lazima ninunue vipimo?

Ndiyo. Kama fedha ni chache, afadhali kununua tangi dogo zaidi na vipimo, kuliko tangi kubwa bila vipimo. Vinavyohitajika ni vya amonia, nitriti na pH (yaani kiwango cha asidi majini: ikishuka, asidi imezidi), na baadaye nitrati. Vya matone huwa sahihi kuliko vya karatasi, na chupa moja hupima mara nyingi, kwa hiyo marafiki wawili au watatu wanaweza kuchangia gharama. Kumbuka kwamba kipimo cha nitrati hufanya kazi kwa kuigeuza nitrati kuwa nitriti kwanza, ndiyo maana nitriti ikiwa nyingi majini kipimo cha nitrati hudanganya. Usikiamini mpaka nitriti ishuke.

Utakachoona ni hiki: amonia hukaa juu kwa siku kadhaa kana kwamba hakuna linalotokea, kisha huanza kushuka huku nitriti ikipanda. Usishtuke nitriti ikipita kiasi cha amonia ulichotia, kwani miligramu 1 ya amonia huzaa takriban miligramu 2.7 za nitriti na hatimaye miligramu 3.6 za nitrati. Kipindi cha nitriti ndicho kirefu zaidi, na ndicho kinachowakatisha watu tamaa.

Nitumie maji gani: ya bomba, ya mvua au ya chemchemi?

Maji ya bomba ya Kampala, ambayo Shirika la Taifa la Maji na Majitaka huyachota Ziwa Viktoria katika mitambo kama ule wa Ggaba, ni mazuri, ila yana klorini, na klorini huua bakteria unaowalea. Yaache katika ndoo zilizo wazi kwa saa 24 hadi 48, au weka pampu ya hewa ndani yake usiku mmoja, au tumia dawa ya kuondoa klorini, ambayo mara nyingi ni thiosalfeti ya sodiamu. Jerikeni iliyofungwa haisaidii: klorini haina pa kutokea.

Maji ya mvua hayana klorini, lakini pia hayana madini, na peke yake hayafai kwa kazi hii kwa sababu nitakazozieleza hapa chini. Maji ya chemchemi za mitaani, hasa zile zilizo chini ya mteremko wenye vyoo vya shimo, mara nyingi huja na nitrati nyingi tangu mwanzo pamoja na uchafu mwingine. Yapime kabla ya kuyatumia, au yaache.

Kila kitu kilikwenda vizuri, kisha wiki ya tatu vipimo vikakwama. Amonia haishuki tena. Nimekosea wapi?

Pima pH kabla ya kufanya jambo lolote. Katika sehemu zinazotumia maji ya Ziwa Viktoria, hiki ndicho kikwazo ninachokiona mara nyingi kuliko vyote, na ndicho kinachoelezwa kwa uchache kuliko vyote.

Bakteria wanapochoma amonia huzalisha asidi. Asidi hiyo humezwa na kaboneti zilizomo majini, na zikiisha, pH huanguka. Kwa kila miligramu 1 ya naitrojeni iliyomo katika amonia, kiasi cha miligramu 7 za kaboneti, zikihesabiwa kama chokaa, huliwa. Maji ya Ziwa Viktoria ni laini: yana kaboneti zinazokaribia miligramu 50 tu kwa lita, na dawa ya kutuliza tope mitamboni huweza kuzipunguza zaidi. Sasa fanya hesabu. Dozi moja ya miligramu 2 za amonia hula karibu miligramu 12 za kaboneti. Dozi nne, na akiba yote imekwisha. pH ikishuka chini ya 6.5 bakteria hulegea, na ikikaribia 6 karibu husimama kabisa. Mwenye tangi huona vipimo vimekwama, hudhani bakteria hawajafika, huongeza amonia au hununua chupa nyingine ya dawa, wakati ambapo bakteria wapo na wana njaa ya kaboneti.

Dawa yake ni rahisi. Badilisha nusu ya maji, kisha yeyusha kijiko kimoja cha chai, karibu gramu 5, cha soda ya kuokea mikate kwa kila lita 100; hicho kitaongeza kaboneti za miligramu 30 hivi kwa lita. Kwa kinga ya kudumu, nunua makome ya ziwani yanayouzwa katika maduka ya chakula cha kuku, yachemshe, yavunjevunje, na uyatie konzi moja katika mfuko wa wavu ndani ya kichujio. Yatayeyuka polepole kila maji yanapoelekea kuwa na asidi. Vipande vya mawe ya chokaa, kama yale yanayochimbwa Tororo, hufanya kazi hiyo hiyo. Anayetumia maji ya mvua anahitaji hatua hii tangu siku ya kwanza.

Kuna tahadhari moja. Amonia huwa kali zaidi pH inapopanda: kwa nyuzi 25, sehemu yenye sumu kali ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote pH ikiwa 7, hufika kama asilimia 5 pH ikiwa 8, na hupita theluthi pH ikiwa 9. Kwa hiyo, kama tayari kuna samaki ndani na amonia inaonekana, usipandishe pH kwa ghafla. Punguza amonia kwanza kwa kubadilisha maji.

Je, naweza kuchota bakteria kutoka ziwani, kwa kutia matope, konokono au magugu ya Ziwa Viktoria?

Tafadhali usifanye hivyo. Bakteria hao kweli wapo katika matope ya ziwa, lakini pamoja nao huja konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, ugonjwa ulioenea katika fukwe za Ziwa Viktoria na Ziwa Albert, na mkono wako ndio utakaokuwa unaingia katika tangi hilo kila wiki, au mkono wa mtoto. Huja pia ruba, minyoo ya matamvua na mabuu ya kereng'ende, ambao hula samaki wadogo. Magugu maji, kwa upande wake, hayahitaji msaada wa kusambazwa.

Chanzo kilicho salama ni sifongo au changarawe kutoka tangi la mtu unayemfahamu, lenye samaki wazima kwa miezi kadhaa. Ibebe ikiwa imelowa katika maji ya tangi lake, isikauke na isikae kwenye jua ndani ya gari, uiweke katika kichujio chako siku hiyo hiyo, kisha umlishe bakteria kwa amonia kama kawaida.

Chupa za bakteria zinazouzwa zinasaidia?

Baadhi husaidia. Lakini hawa ni viumbe hai, na chupa iliyosafiri mbali na kukaa rafuni kwenye joto inaweza kuwa na wafu watupu. Ukinunua, angalia tarehe ya mwisho, na usitie samaki kwa kuiamini chupa, amini vipimo.

Maji yamegeuka meupe kama maziwa. Niyamwage?

Hapana. Hao ni bakteria wa kuozesha wanaoelea majini wakila mabaki ya chakula. Watapungua wenyewe baada ya siku chache. Ongeza hewa na upunguze kinachooza.

Umeme ukikatika, kazi yangu inapotea?

Inategemea aina ya kichujio na muda. Bakteria hawa wanaishi kwa oksijeni. Katika kichujio cha chombo kilichofungwa, maji yakisimama, oksijeni ya ndani huliwa kwa saa chache, kisha ndani huanza kuoza. Umeme ukirudi na kichujio kikaanza kusukuma maji hayo ndani ya tangi, sumu yote humwagika kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo, umeme ukikatika kwa zaidi ya saa mbili au tatu, kifungue chombo, toa sifongo zake na uziweke ndani ya tangi lenyewe, ambako juu maji yanagusana na hewa. Umeme ukirudi, suuza chombo kwanza.

Kwa sababu hiyo, kwa nyumba nyingi za Uganda mimi hupendekeza kichujio cha sifongo kinachoendeshwa kwa pampu ya hewa, ijapokuwa hakipendezi macho. Sifongo tayari iko ndani ya tangi, kwa hiyo bakteria wake hawafungiwi popote, pampu yake hutumia umeme kidogo sana, na zipo pampu za betri au za kuchomekwa kwenye sola ndogo ya nyumbani ambazo huziba pengo la usiku mzima. Tena sifongo hutikisa uso wa maji, jambo lenye uzito kwetu: Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji hushika oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane ikilinganishwa na Mombasa kwa joto lile lile.

Kama hujatia samaki bado, katiko la siku nzima litakuchelewesha tu. Baada ya samaki kuingia, ni suala la uhai wao, na ndiyo sababu ya kuchagua kichujio sasa.

Ninaishi Kabale. Kuna tofauti?

Ndiyo, ya joto. Tangi lisilopashwa joto huko huweza kubaki chini ya nyuzi 20, na bakteria hufanya kazi polepole sana. Tumia hita wakati wa kukomaza, hata kama samaki uliowachagua hupenda maji ya baridi.

Nimeshanunua samaki na wako ndani. Nifanyeje?

Usijilaumu, anza leo. Kama dukani watakubali kuwapokea kwa muda, wapeleke. Kama sivyo, walishe kidogo mara moja kwa siku mbili, pima amonia na nitriti kila siku, na kila moja inapopita miligramu 0.5 kwa lita badilisha theluthi au nusu ya maji kwa maji yasiyo na klorini yenye joto linalolingana. Dhidi ya nitriti, chumvi ya mezani husaidia sana: gramu 1 kwa kila lita 10 hutoa kloridi ya kutosha kuizuia nitriti isiingie kwa wingi kupitia matamvua. Madini joto yaliyomo katika chumvi ya dukani ni machache mno kudhuru. Chumvi ya Katwe usiitumie hapa, kwa kuwa ina kaboneti na salfeti pamoja na chumvi yenyewe, na itabadilisha pH. Mimea inayokua haraka nayo hunyonya amonia moja kwa moja.

Nitajuaje kwamba tangi limekomaa?

Tia amonia ya miligramu 2 kwa lita. Baada ya saa 24 amonia iwe sifuri na nitriti iwe sifuri. Rudia siku inayofuata; ikitokea hivyo mara mbili mfululizo, tangi liko tayari. Badilisha robo tatu ya maji ili kupunguza nitrati, sawazisha joto, na tia samaki siku hiyo au kesho yake. Ukichelewa, endelea kuwapa bakteria amonia kidogo, wasife njaa.

Nitie samaki wangapi, na wa aina gani?

Anza na wachache, kama theluthi ya idadi unayotaka, uongeze baada ya wiki mbili ikiwa vipimo vimebaki sifuri. Wapo wanaotaka kufuga nkejje, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria ambao Buganda wanajulikana zaidi kama chakula cha mtoto dhaifu, na ambao aina zao nyingi zilipungua vibaya baada ya mputa, yaani sangara, kuletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Naona ni chaguo zuri na la heshima. Hata hivyo hao hula sana, huchafua maji sana na hupigana, kwa hiyo wasiwe katika tangi la chini ya lita 150, na samaki yeyote aliyefugwa nyumbani asirudishwe ziwani.

Kichujio kikichafuka, nikioshe vipi bila kupoteza bakteria?

Baada ya mwezi mmoja hivi, au mtiririko unapopungua, kamua sifongo ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa katika tangi hilo hilo, mara mbili au tatu, mpaka mtiririko urudi. Rangi ya kahawia inayobaki juu yake iache. Usitumie maji ya bomba, usitumie sabuni, na kama una sifongo mbili, kamua moja wiki hii na nyingine baada ya wiki mbili.